Sekunde Arobaini za Kwanza

Kabla ya kuwasha taa, daktari humwosha mama yangu uso. Hutumia pamba na maji ya uvuguvugu, na hufanya hivyo kila mara, hata siku ambayo mama anamwapia kwamba hajajipaka kitu. Huanzia kwenye paji la uso, hushuka mashavuni, huzunguka mdomo, kisha huinyanyua ile pamba na kuitazama dirishani. Ikiwa na utelezi hata kidogo, anachukua nyingine. "Baba, mafuta ni ukuta," alimwambia siku ya kwanza. Mgeni angeshangaa kusikia mwanamke wa miaka sitini na ushei akiitwa baba, lakini kwetu Gusii neno hilo ni la mama. Baba mzazi ni tata.

Mama anatoka Kebirigo, kaunti ya Nyamira, ambako baridi ya alfajiri hupasua midomo na kila mtu hujipaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka nje. Mafuta hayo mazito huzuia mionzi ya urujuanimno isifike kwenye ngozi. Mgonjwa akiingia nayo chini ya taa, anaondoka na nusu ya kipimo bila yeye wala daktari kujua. Lakini siku hiyohiyo nilimwona daktari akimpaka mafuta kijana mmoja mwenye soriasisi kwenye viwiko, muda mfupi tu kabla ya kumwangazia. Nikamuuliza, mbona huyu anapakwa na yule anaoshwa? Akaniambia magamba ya soriasisi ni makavu, yana hewa katikati yake, na hutawanya mwanga. Mafuta mepesi yakipakwa kwa utando mwembamba huyafanya magamba yapitishe mwanga. "Umeona karatasi iliyofungiwa mandazi?" akaniuliza. "Palipolowa mafuta, unaona upande wa pili." Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba kazi hii ina mambo mengi ambayo macho yangu hayakuwa yameyaona.

Nimeketi katika chumba hicho kila Jumanne na Ijumaa kwa karibu mwaka mzima sasa. Ni chumba kidogo katika ghorofa ya juu ya duka la pembejeo, katikati ya mji wa Kisii. Kina kitanda kimoja, kiti, pazia zito jeusi, na taa ya mkononi yenye umbo la brashi pana ya kuchania nywele. Siku ni hizo mbili kwa sababu ngozi inahitaji kupumzika kati ya mwanga na mwanga, na kwa sababu mama ni Msabato: Ijumaa sharti awe amefika nyumbani kabla jua halijatua. Tunapanda Probox asubuhi, watu tukiwa tumebanana na magunia ya mboga, na mchana tunarudi kabla mvua ya huku haijaanza kunyesha. Mwanzoni nilikuwa msindikizaji tu. Kwa miezi mingi sasa mama angeweza kabisa kwenda peke yake, ila mimi ndiye sitaki kukosa.

Ugonjwa wake ni balanga, ule ambao madaktari huuita vitiligo. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na pale zinapokufa ngozi hubaki nyeupe pe. Hauambukizi. Hauumi. Lakini kwa mtu mweusi unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na hilo ndilo huumiza. Mama alianza na doa dogo pembeni mwa mdomo, la ukubwa wa shilingi. Baada ya miaka miwili lilikuwa limeenea mashavuni na kwenye paji la uso, na mikono ilikuwa imeanza kupauka kuanzia ncha za vidole. Kwenye kituo cha kuuzia chai, wanawake aliochuma nao kwa miaka ishirini walianza kuweka vikapu vyao mbali na chake. Hakuna aliyelitamka neno ukoma mbele yake, na hakuna aliyehitaji kulitamka.

Kwa hiyo siku ya kwanza mama hakuwashiwa ile taa ya mkononi, na aliudhika, maana alikuwa amejiandaa kwa taa. Daktari alimwambia afumbe macho. Akavuta uzi mmoja wa pamba, akausokota kwa vidole mpaka ukawa mwembamba kama unywele, akaanza kumgusa: mara kwenye doa, mara kando ya doa, mara kwenye mkono, mara hamgusi popote na kunyamaza tu. Kila akiguswa mama alionyesha mahali kwa kidole. Hakukosea hata mara moja. Doa la ukoma kwa kawaida hupauka bila kuwa jeupe kabisa, na hupoteza hisia. La balanga huwa jeupe kabisa na hisia zake zote zipo. Daktari alimwomba mama arudie jaribio hilo macho yakiwa wazi ili ajionee mwenyewe. Ndipo nikaelewa kwamba lile la kwanza lilikuwa la daktari, na la pili lilikuwa la kumwondolea mama neno lile ambalo hakuna aliyelitamka.

Kisha alikwangua ukingo wa doa kwa wembe butu kuona kama kuna unga wa fangasi. Akafunga pazia. Gizani akawasha taa ndogo ya urujuani inayoitwa taa ya Wood, na uso wa mama, ambao nimeutazama tangu nizaliwe, ukatoka gizani kama ramani: visiwa vya samawati nyeupe vinavyong'aa, na kati yake bahari nyeusi. Kulikuwa na doa chini ya sikio ambalo mchana halikuonekana. Daktari alilichora kwenye karatasi pamoja na mengine. Hapo tena alikuwa ameosha uso kwanza, kwa sababu mafuta ya mgando nayo hung'aa chini ya taa hiyo, na mtu mwenye haraka anaweza kuyachora mafuta akidhani ni ugonjwa.

Mwisho akachukua lenzi na kutazama vinyweleo vya mashavu, kimoja kimoja. "Bado ni vyeusi," alisema, na nikasikia sauti yake ikibadilika. Sikujua wakati huo kwa nini habari ya vinyweleo imfurahishe hivyo.

Kabla ya hapa mama alikuwa amejitibu kwa ndimu. Jirani alimwambia asugue maganda mikononi kisha akae juani ili jua lirudishe rangi. Akafanya hivyo asubuhi moja, akaendelea na kuchuma chai. Baada ya siku mbili mikono iliota malengelenge makubwa yaliyojaa maji, na kwa wiki tatu hakuweza kukunja vidole. Nilimweleza daktari jambo hilo nikitarajia agune kama tunavyogunia ujinga. Hakuguna. Alisema yule jirani alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Ndani ya maganda ya ndimu mna kemikali za jamii ya psoraleni. Zikiwa kwenye ngozi gizani ni kama hazipo, lakini zikipigwa na jua huamka na kuunguza. Kemikali za jamii hiyohiyo zimo katika gugu moja la bonde la Nile lenye maua madogo meupe, ndugu wa karoti na giligilani, ambalo watu wa Misri wamelitumia kutibu balanga tangu zamani. Katika karne ya 13 Ibn al-Baytar, bingwa wa mitishamba aliyezaliwa Málaga na kufariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mbegu zake na wagonjwa wanaokalishwa juani baada ya kuzitumia. Mwaka 1947 wanakemia wa Cairo walifaulu kuitoa kemikali yenyewe kwenye mbegu hizo, na mwaka uliofuata daktari wa ngozi wa hukohuko, El Mofty, akaanza kuwatibu nayo wagonjwa wa balanga. Kutoka hapo dunia ikapata tiba ya kupaka psoraleni iliyozimuliwa sana kwenye doa, kusubiri nusu saa hivi, na kuangazia kwa kipimo kidogo mno cha mwanga. Ndimu ya mama ilikuwa binamu wa dawa hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kupima.

Daktari wetu anaijua tiba hiyo ila haipendi kwa huku. Psoraleni iliyopakwa haiachi kazi mara taa inapozimwa, hukaa kwenye ngozi kwa saa kadhaa, na mgonjwa wake akifungua mlango wa kliniki anakutana na jua la ikweta. Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na hauko hata digrii moja kamili kusini ya mstari wa ikweta. Mchana usio na mawingu, kipimo cha dunia cha ukali wa urujuanimno hupita 11 hapa, na katika kipimo hicho 11 ndipo panapoanza daraja la juu kabisa. Anasema kumpaka mtu dawa ile na kumtuma akapande Probox ni kumkabidhi kwa mwanga usio na mshika saa.

Hapo ndipo lilipotoka swali ambalo mama alikuwa nalo tangu mwanzo, na nadhani kila mtu wa milimani ana haki ya kuliuliza. Jua lipo, ni la bure, liko juu ya majani yangu ya chai kutwa nzima. Mbona nilipie taa?

Tena jua si geni kwetu kama dawa. Mama mwenyewe ananikumbusha kwamba nilizaliwa na macho ya manjano, naye akawa ananitoa nje asubuhi akiwa amenifunua kifua. Hata hospitalini jambo hilo lina historia yake: mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kwamba watoto wachanga aliowatoa juani walipungukiwa na manjano, na kwa kuufuata uchunguzi wake madaktari wa huko wakatengeneza taa, ambayo walitangaza habari zake mwaka 1958. Leo vyumba vya watoto wachanga hutumia taa za buluu, kwa sababu mwanga wa buluu ndio unaofanya kazi hiyo na jua la asubuhi halitoshi kwa mtoto aliyezidiwa.

Na kwenye milima hiihii wapo jirani zetu wenye ualbino ambao jua hilohilo huwapasua midomo utotoni na kuwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mtu yeyote anayesema jua ni dawa anapaswa kuwa amewatazama hao kwanza.

Jibu la daktari kwa mama lilikuwa hili. Jua ni mseto. Ndani yake mna mionzi inayounguza bila kutibu, mionzi inayotibu, mwanga wa kuonea, na joto, vyote vinaanguka pamoja, na wingu likipita vyote vinabadilika. Taa aliyoishika hutoa ukanda mwembamba tu wa urujuanimno, karibu na nanomita 311. Watafiti walipochunguza mionzi aina moja baada ya nyingine, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, waligundua kwamba ya hapo ndiyo inayosafisha soriasisi vizuri, na ile mifupi zaidi huzidisha kuungua tu. Taa za ukanda huo zikaanza kuripotiwa katika tiba mwaka 1988 kwa soriasisi, na mwaka 1997 madaktari wa Amsterdam wakaonyesha kwamba zinafaa pia kwa balanga. "Wewe unapochuma chai," daktari alimwambia mama, "si unachukua majani mawili na chipukizi? Mti mzima ni chai, lakini kiwandani hawataki mti mzima." Mama hakuuliza tena.

Sasa niseme juu ya zile sekunde. Kipimo cha kuanzia kilikuwa milijouli 200 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Daktari ana kifaa cha kupimia nguvu ya taa, na siku ya kwanza ya kuangaziwa taa ilitoa miliwati 5 kwa kila sentimita mraba. 200 gawanya kwa 5 ni 40. Sekunde arobaini, basi. Nilikuwa nimetarajia nusu saa. Mama alivaa miwani myeusi inayoziba macho kabisa. Daktari aliiwasha taa akiwa ameielekeza ukutani, akaiacha iwake dakika kadhaa, maana taa baridi hutoa mwanga pungufu na hesabu yote inaharibika. Akafunika shavu kwa kitambaa cheusi alichokikata dirisha la umbo la doa, ili ngozi nzima ya pembeni isizidi kuwa nyeusi na kulifanya doa lionekane zaidi. Akaiweka taa mahali pake na kubonyeza saa. Mkono wake haukutikisika. Ukiisogeza taa nyuma kidogo nguvu yake inapungua, kwa hiyo umbali ni ule ule kila siku. Saa ikalia. Akahamia shavu la pili.

Siku ya pili ilikuwa sekunde 44. Ya tatu 48. Ya nne 53. Sehemu ya kumi tu inaongezwa kila mara, na kabla ya kuiongeza daktari huuliza swali moja ambalo mama sasa hulijibu kabla halijaulizwa: baada ya mara ya mwisho doa liliona haya? Analolitafuta ni wekundu hafifu, kama nyama ya pera, unaojitokeza jioni ile na kutoweka kabla ya saa 24 kupita. Usipotokea kabisa, mwanga ulikuwa mdogo. Ukikaa hadi kesho kutwa, ulizidi, na kipimo hakipandi. Kama pamevimba au pana lengelenge, taa haiwashwi mpaka papone. Kila jibu anaandika kwenye daftari la kurasa za miraba, tarehe, sekunde, miliwati, wekundu. Miezi kadhaa baadaye, taa ilipoanza kuzeeka na kushuka kutoka miliwati 5 hadi karibu 4.5, sekunde ziliongezeka ingawa kipimo kilibaki palepale. Mtu anayehesabu sekunde peke yake hangejua.

Naupenda ukurasa ule wa daftari. Hakuna mtu atakayeusoma isipokuwa yeye, na bado mwandiko wake ni safi kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Kazi hii tangu mwanzo imekuwa ya watu wanaokaa kando ya mgonjwa bila kuchoka. Aliyeianzisha kwa njia ya kisasa ni Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, ambaye mwaka 1895 huko Copenhagen alianza kutibu kwa mwanga kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu ya watu. Denmark haina jua la kutegemea, basi alitumia taa kali za umeme na lenzi za kwazi (quartz), kwa sababu kioo cha kawaida hukata mionzi aliyoitaka. Kizuizi kingine kilikuwa damu yenyewe. Finsen aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya sikio la mtu na kuangaza upande wa mbele: karatasi haikubadilika. Akalibana sikio kati ya vioo viwili mpaka damu ikaondoka ndani yake, na karatasi ikawa nyeusi kwa muda mfupi. Kwa hiyo katika taasisi yake kila mgonjwa alikuwa na muuguzi wake, aliyeketi akikandamiza lenzi iliyopozwa kwa maji juu ya ngozi, karibu saa nzima, kila siku, kwa miezi. Finsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 na akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43. Katika picha za taasisi hiyo wauguzi ndio wengi: safu ya wanawake wa vitambaa vyeupe kichwani, wameinama, kila mmoja akitazama eneo dogo la uso wa mtu.

Kenya nayo ilijifunza ngozi ikiwa imeshikana na kifua kikuu. Maafisa wa kliniki waliosomea ngozi katika vyuo vyetu vya tiba husoma mapafu na ngozi katika kozi moja, na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uliunganishwa chini ya paa moja mwaka 1980. Daktari wetu, ambaye kwa cheti ni afisa wa kliniki lakini huku hakuna anayemwita vinginevyo ila daktari, alikwenda kusomea Moshi, katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1992 kwa wazo rahisi na kubwa: madaktari bingwa wa ngozi Afrika ni wachache mno, basi wafundishwe maafisa wa kliniki na wauguzi kwa miaka miwili, warudi kwao. Anasema huko ndiko alikofundishwa kugusa kabla ya kutazama na kutazama kabla ya kusema.

Siku moja ya Ijumaa stima ilipotea katikati ya shavu la kushoto. Saa ya mkononi mwake haikutegemea stima, na kabla sijatambua kwamba giza limeingia alikuwa amekwisha kuisimamisha. Ilisoma 31. Akaandika 31 kwa mwanga wa simu. Tulingoja, nje mvua ikianza kupiga mabati, mama akitazama saa kwa ajili ya Sabato yake. Stima iliporudi daktari hakuiweka taa shavuni mara moja. Aliielekeza ukutani tena ipate joto, zile dakika zote, ingawa sisi watatu tulikuwa na haraka. Kisha akampa mama sekunde zilizobaki, wala hakuzidisha hata moja.

Mara nyingine tulipotea sisi. Chai ilikuwa imeshamiri, wachumaji wa kukodi hawakupatikana, na mama akakaa siku kumi bila kuja. Aliporudi alikuta kipimo kimepunguzwa robo. Alinung'unika njia nzima kwamba amerudishwa darasa. Ngozi iliyozoea mwanga hujenga ukinzani wake, na isipouona kwa wiki moja na zaidi huanza kuusahau. Baada ya siku nane hadi 14 hupunguzwa robo, zikipita wiki mbili hupunguzwa nusu, zikipita tatu unaanza upya na sekunde arobaini. Daktari alimweleza hayo polepole, akiwa ameketi na si kusimama, na hakumlaumu hata kwa jicho. Alimuuliza tu bei ya chai.

Mara ya 29, karibu na mwisho wa mwezi wa nne, daktari alichukua lenzi kama kawaida, akanyamaza muda mrefu, kisha akanipa mimi. Katikati ya doa la shavu la kulia, kwenye weupe mtupu, kulikuwa na nukta za kahawia. Ndogo, za duara, kama punje za wimbi zilizomwagika kwenye ungo. Kila nukta ilikuwa na kinyweleo katikati yake. Ndipo nikaelewa furaha ya siku ile ya kwanza. Seli za rangi zikifa juu ya ngozi, akiba yake hubaki chini, kwenye mashina ya vinyweleo. Mwanga huiamsha akiba hiyo, na seli hupanda kwa kufuata kinyweleo mpaka juu, kisha hutambaa pande zote. Kinyweleo kikiwa cheupe, akiba yake mara nyingi imekwisha. Nukta zile zilipanuka wiki baada ya wiki mpaka zikagusana, kama wimbi linavyofunga shamba baada ya palizi.

Mashavu ya mama leo yamefunga kwa sehemu kubwa. Paji la uso linafuata. Usiku hupaka dawa aliyoandikiwa, kidogo, kwenye madoa tu, na daktari amemkataza kabisa mirija ya steroidi kali inayouzwa ovyo madukani, ile inayoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Amemwambia pia, bila kumficha, kwamba rangi iliyorudi inaweza kuondoka tena, na kwamba kwa wengine taa haifanyi lolote hata baada ya mara 72, ambazo ndizo anazozihesabu kabla ya kukata tamaa na mgonjwa.

Ncha za vidole hazijabadilika. Hakuna vinyweleo pale, wala kwenye midomo, na pasipo na vinyweleo hakuna akiba ya kuamsha. Daktari alimwambia hivyo tangu mwezi wa kwanza, akiwa ameushika mkono wake, akipitisha kidole gumba juu ya kila ncha. Baada ya mwezi wa sita alisema hataendelea kuiangazia mikono, kwa sababu angekuwa anapokea pesa za bonasi ya chai ya mtu kwa kazi anayojua haitazaa. Mama alikubali. Nilidhani angelia.

Jumatatu iliyopita nilikwenda naye kwenye kituo cha kuuzia chai. Kikapu chake kilikuwa mstarini, kimebanwa na vingine mbele na nyuma. Karani alipofika akamwaga majani mezani yakaguliwe, na mama akaanza kuyatandaza na kuondoa magumu, vidole vyake vyeupe vikipita haraka juu ya kijani, jani, jani, chipukizi. Mwanamke wa pembeni yake akasogea kumsaidia. Kesho yake ilikuwa Jumanne, na daftari lilikuwa likitusubiri: sekunde 146, miliwati 4.5, wekundu umepotea asubuhi.